Baito kwa mwanafunzi wa lugha Japani: mwongozo kamili wa saa 28

Ukienda Japani kusoma Kijapani, hadhi ya ukaazi utakayopewa ni ya mwanafunzi, ambayo wenyewe huiita ryugaku. Hadhi hiyo peke yake haikuruhusu kufanya kazi hata saa moja. Itazame kadi ya ukaazi, ile zairyu kado unayokabidhiwa uwanja wa ndege: upande wa mbele imeandikwa kwamba kazi hairuhusiwi. Ruhusa hukaa upande wa nyuma, kwa muhuri, na muhuri haugongwi mpaka uombe.

Kibarua cha mwanafunzi huitwa arubaito, na mtaani kila mtu husema baito. Nimepanga mwongozo huu kwa mfuatano ambao mambo yatakukuta. Sehemu ya kuhesabu saa nimeirefusha makusudi, maana hapo ndipo watu wanapoharibikiwa, na wengi wao hawakuwa na nia ya kuvunja sheria yoyote.

Kabla ya kupanda ndege: piga hesabu ya pesa bila baito

Wakala wa mjini atakwambia ada utailipa ukishafika, kwa baito. Usimsikilize. Kima cha chini cha mshahara Japani huwekwa kwa kila mkoa na hubadilishwa kila mwaka msimu wa vuli. Kwa Tokyo, tangu Oktoba 2025, ni yen 1,226 kwa saa. Mikoa ya chini kabisa, Okinawa ikiwamo, ni yen 1,023. Chukua hiyo ya Tokyo, zidisha kwa saa 28 unazoruhusiwa kwa wiki: unapata yen 34,328. Kwa wiki nne ni yen 137,312, kabla ya makato. Humo toa kodi ya chumba, chakula, simu, treni na bima ya afya. Kinachobaki ni akiba ndogo. Ada ya shule ya lugha, ambayo kwa kawaida huzunguka yen 700,000 hadi 900,000 kwa mwaka, haitoki hapo bila kujiua.

Uhamiaji wa Japani nao unaijua hesabu hiyo. Ndiyo maana kabla ya kukupa Hati ya Kustahiki, ambayo shule hukuombea ukiwa bado nyumbani na ndiyo unayoipeleka ubalozini Dar es Salaam au Nairobi kuombea viza, wanataka kuona mdhamini wako ni nani, anafanya kazi gani na benki ana kiasi gani. Msingi wa maombi ni kwamba gharama zako zinalipwa na mtu mwingine, au na akiba yako mwenyewe. Baito ni nyongeza tu. Mdhamini wa kwenye karatasi, ambaye kwa kweli hatatuma hata senti, ndiye chanzo cha vijana wengi kufanya kazi saa 45 kwa wiki na kusinzia darasani.

Kwa hiyo ondoka na pesa taslimu ya kukutosha miezi mitatu au zaidi. Kazi haipatikani siku ya kwanza. Ukiipata, mara nyingi mshahara wa mwezi hulipwa mwezi unaofuata, na kwa mwenye Kijapani cha kubabaisha kusubiri huko hurefuka.

Uwanja wa ndege: omba ruhusa palepale

Ruhusa yenyewe inaitwa shikakugai katsudo kyoka, yaani ruhusa ya kufanya shughuli iliyo nje ya hadhi yako. Mwanafunzi anayeingia kwa mara ya kwanza kwa kibali kinachozidi miezi mitatu anaweza kuiomba palepale kwenye meza ya Uhamiaji, katika viwanja vinavyotoa kadi ya ukaazi kama Narita, Haneda, Chubu na Kansai. Fomu ni ya ukurasa mmoja. Ipakue kwenye tovuti ya Uhamiaji, ijaze nyumbani kwa utulivu, uiweke ndani ya pasipoti. Hailipiwi chochote.

Afisa hatakuuliza kama unaitaka. Mkabidhi fomu pamoja na pasipoti, sema "arubaito", atakuelewa. Kabla hujaondoka mezani geuza kadi uangalie nyuma: muhuri unasema ruhusa imetolewa, kwa kanuni ya saa zisizozidi 28 kwa wiki, isipokuwa kazi za biashara za starehe za usiku. Kama hakuna muhuri, uliza palepale.

Ukiikosa hapo, utaiomba ofisi ya Uhamiaji ya eneo unaloishi, na majibu huchukua kati ya wiki mbili na miezi miwili. Kwa wanaoishi Tokyo ofisi hiyo ni ile ya Shinagawa, ambako watu huanza kujipanga kabla mlango haujafunguliwa. Wakati wote huo wa kusubiri huruhusiwi kufanya kazi, hata iwe ya "majaribio bila malipo".

Wiki mbili za kwanza: mambo ya ofisi ya manispaa

Ndani ya siku 14 tangu upate pa kukaa, nenda ofisi ya manispaa ukaandikishe anwani. Wataiandika nyuma ya kadi. Siku hiyohiyo jiunge na Bima ya Afya ya Taifa, ambayo ni lazima na hukuacha ulipe asilimia 30 tu ya gharama za hospitali. Waeleze kwamba mwaka uliopita hukuwa na kipato Japani, ili mchango wako upunguzwe.

Kama umetimiza miaka 20 utaingizwa pia kwenye Pensheni ya Taifa. Hapa usikae kimya. Kuna utaratibu wa wanafunzi kuahirisha michango, na kama shule yako ya lugha haimo kwenye orodha ya shule zinazohusika, kuna msamaha wa wenye kipato kidogo. Jaza fomu. Asiyejaza huletewa bili kila mwezi, na deni hilo humfuata.

Baadaye itakuja kwa posta nambari yako ya tarakimu 12, Mai Namba. Mwajiri ataihitaji kwa ajili ya kodi. Halafu fungua akaunti ya benki. Wageni wengi huanzia benki ya posta, Yucho. Angalia sana jina. Sisi wenye majina matatu hupata taabu: kadi ya ukaazi hufuata pasipoti, na jina kwenye akaunti lisipoandikwa sawasawa na lile ulilompa mwajiri, herufi kwa herufi katika katakana, yaani herufi za Kijapani za kuandikia majina ya kigeni, mshahara unaweza kurudi ulikotoka.

Kuchagua kazi

Shule za lugha hufundisha nusu siku, asubuhi au mchana, kwa hiyo muda upo. Kazi zinazomfaa anayeanza ni zile za mikono na mdomo mdogo: kupanga vyakula vya boksi kiwandani usiku, kuchambua vifurushi ghalani, kutandika vitanda hotelini, kuosha vyombo. Ukishaweza kuongea kidogo unaingia jikoni kwenye mikahawa ya mabakuli ya wali na nyama, kisha konbini, yale maduka madogo ya saa 24. Watu huidharau konbini, lakini hapo utauza, utapokea bili za umeme, utatuma mizigo na kusalimiana na watu mia kwa zamu moja. Kama nia yako ni lugha, ichague konbini kuliko kiwanda, hata kama kiwanda kinalipa zaidi. Kiwandani unaweza kukaa mwaka mzima ukisikia sauti ya mashine tu.

Kuna kazi ambazo muhuri wako umezikataza moja kwa moja: baa zenye wahudumu wa kukaa na wateja, vilabu ambako wanawake au wanaume hulipwa kuburudisha wateja, kumbi za mchezo wa pachinko na mah-jong, vituo vya michezo ya mashine, na biashara zote za ngono. Katazo ni la mahali. Kuosha glasi jikoni, kufagia ukumbi kabla haujafunguliwa, au kugawa karatasi za tangazo barabarani kwa niaba ya kilabu, vyote ni kosa sawa na la anayekaa mezani.

Kusambaza chakula kwa baiskeli kupitia programu za simu kunaonekana kama uhuru mtupu, ila kuna mtego. Ruhusa ya muhuri inahusu ajira ambayo saa zake zinaweza kuthibitishwa. Msambazaji wa programu kwa kawaida si mwajiriwa, ni mkandarasi anayelipwa kwa safari, na kazi ya namna hiyo huhitaji ruhusa ya pekee kutoka Uhamiaji. Usiianze kwa muhuri huu.

La mwisho katika haya ni tangazo la mtandaoni linaloahidi malipo makubwa kwa kazi nyepesi: kupokea kifurushi kwa jina lako, kutoa pesa kwenye mashine kwa kadi ya mtu, kuuza kitabu cha benki au laini ya simu unaporudi nyumbani. Wajapani huziita yami baito, vibarua vya gizani. Ni uhalifu, na polisi hawahitaji kukuta umeelewa mpango wote ndipo wakukamate.

Usaili

Beba karatasi ya wasifu iitwayo rirekisho, yenye picha. Fomu zake tupu huuzwa konbini na maduka ya yen 100. Beba kadi ya ukaazi. Meneja ataigeuza nyuma kabla hajakuuliza lolote, kwa kuwa akimwajiri asiye na ruhusa yeye mwenyewe anakabiliwa na kifungo au faini ya mamilioni ya yen, na kila mgeni anayemwajiri lazima amripoti kwenye ofisi ya ajira ya serikali, Haro Waku. Meneja asiyetaka kuona kadi yako si mwema, ana lake.

Ukikubaliwa, omba karatasi ya masharti ya kazi, rodo joken tsuchisho. Sheria inamtaka akupe. Isome: malipo kwa saa, siku ya mshahara, saa za zamu, mapumziko, nauli. Kazi ya kati ya saa 4 usiku na saa 11 alfajiri lazima iongezewe asilimia 25. Zamu inayozidi saa sita ina mapumziko ya dakika 45, na inayozidi saa nane ina saa nzima.

Kuhesabu saa 28

Karibu kila mtu anajua namba. Namna ya kuihesabu ndiyo wachache wanaijua: wiki haianzi Jumatatu. Kanuni ni kwamba ukianzia siku yoyote ile na kuhesabu siku saba mbele, jumla isizidi 28.

Tuione kwa mfano. Wiki ya kwanza umepumzika Jumatatu na Jumanne, ukafanya saa nne Jumatano, nne Alhamisi, nne Ijumaa, nane Jumamosi na nane Jumapili. Jumla 28, safi. Wiki ya pili meneja ana upungufu wa watu mwanzoni: unafanya saa sita Jumatatu, sita Jumanne, nne Jumatano, nne Alhamisi, nne Ijumaa, nne Jumamosi, na Jumapili unalala. Jumla tena ni 28. Kwa kalenda ya ukutani huna kosa. Sasa hesabu kuanzia Jumatano ya wiki ya kwanza hadi Jumanne ya wiki ya pili: nne, nne, nne, nane, nane, sita, sita. Ni saa 40. Umevunja sharti la ruhusa na hata hujui.

Dawa yake ni rahisi: zamu zilezile, siku zilezile, kila wiki. Ratiba isiyobadilika ikiwa na saa 28 kwa Jumatatu hadi Jumapili, itakuwa na 28 popote utakapoanzia kuhesabu. Ila mimi singepanga 28. Panga 25, maana treni ya mwenzako ikichelewa meneja atakuomba ubaki nusu saa, na saa za ziada zinahesabiwa. Mafunzo ya kazi na vikao vya lazima vinahesabiwa pia. Mapumziko ambayo kweli hufanyi kazi hayahesabiwi, wala safari ya kwenda na kurudi.

Ukiwa na kazi mbili, saa 28 ni za zote kwa pamoja. Meneja wa ghala hajui habari za konbini mpaka umwambie, na unapaswa kumwambia. Sentensi ya kukariri ni hii: "Shu ni nijuhachi jikan made desu," kwa wiki ni mpaka saa 28. Mameneja wengi wameizoea na hawatakununia.

Likizo ndefu ya shule hubadilisha kiwango: unaruhusiwa hadi saa nane kwa siku, na sheria ya kazi huweka ukomo wa kawaida wa saa 40 kwa wiki. Lakini likizo hiyo lazima iwe ile iliyoandikwa kwenye kanuni za shule. Sikukuu za taifa za mwanzoni mwa Mei, mwalimu kuumwa, au wewe mwenyewe kutokuwa na kipindi, hazikupi saa nane. Omba shule ikupe barua yenye tarehe za likizo, mpe meneja nakala. Kwa wiki ambayo nusu yake ni masomo na nusu likizo, baki kwenye 28 ulale usingizi.

Andika saa zako kila siku kwenye daftari au simu: tarehe, kuingia, kutoka, mapumziko. Karatasi ya mshahara nayo usiitupe.

Kodi ndiyo inayokusema

Bwenini hutakosa kaka aliyekutangulia atakayekwambia, "Mdogo wangu, hawa jamaa hawaangalii, piga kazi." Ni kweli kwamba hakuna askari anayesimama mlangoni mwa konbini na saa mkononi. Ila kila Januari waajiri wote hupeleka kwa manispaa taarifa ya walichokulipa mwaka uliopita. Manispaa hujumlisha. Ukienda kuongeza muda wa ukaazi, Uhamiaji unaweza kukutaka cheti cha kodi, kazei shomeisho, na kwenye cheti hicho kipato chako chote kimeandikwa kwa namba moja.

Afisa hana haja ya kukuuliza saa. Wiki 40 za masomo kwa saa 28, ukiongeza wiki 12 za likizo kwa saa 40, ni saa 1,600. Kwa yen 1,226 ni takriban yen 1,960,000. Nyongeza ya usiku inaweza kupandisha kidogo. Cheti kikisema 2,600,000, gawanya mwenyewe uone ni saa ngapi kwa wiki. Wengine hukimbilia kulipwa mkononi bila rekodi. Huyo amejinyang'anya ushahidi siku meneja atakapomdhulumu, na kosa la kuzidisha saa bado liko palepale.

Adhabu si za kutishia watoto. Kufanya kazi nje ya ruhusa kuna kifungo cha hadi mwaka mmoja au faini ya hadi yen 2,000,000. Ikionekana wazi kwamba kazi ndiyo imekuwa shughuli yako kuu, ni hadi miaka mitatu au yen 3,000,000, na kufukuzwa nchini. Yanayowapata wengi ni ya kimyakimya zaidi: maombi ya kuongeza muda yanakataliwa, mtu anarudi nyumbani na deni la ada bila cheti.

Kuhusu kodi yenyewe, utakapoanza kazi utapewa fomu ya makato, fuyo kojo shinkokusho. Ijaze kwa mwajiri mmoja tu, yule mkuu. Kazi ya pili hukatwa kwa kiwango cha juu, na unaweza kudai kilichozidi kwa kupeleka hesabu ofisi ya kodi, kwa kawaida kati ya tarehe 16 Februari na 15 Machi, ukiwa na karatasi ya makato, gensen choshuhyo, kutoka kila kazi. Kodi ya mkazi, juminzei, hufuata kipato cha mwaka uliotangulia, kwa hiyo mwaka wa kwanza huioni. Bili huja karibu na Juni ya mwaka wa pili, wakati umeshasahau pesa zenyewe ulizifanyia nini. Weka kando kitu kila mwezi.

Ukiumia au ukidhulumiwa

Bima ya ajali kazini, rosai, inamhusu kila mfanyakazi, hata wa saa nne kwa wiki. Ukikatwa na kisu jikoni, mwambie daktari uliumia kazini. Usitumie bima ya afya ya kawaida, hata meneja akikusihi. Mshahara ukicheleweshwa au saa zikipunguzwa kwenye karatasi, ofisi ya ukaguzi wa kazi, Rodo Kijun Kantokusho, hupokea malalamiko ya wageni. Tokyo kuna kituo cha msaada kwa wageni Yotsuya, FRESC, kilichofunguliwa 2020. Utahudumiwa kwa Kiingereza au Kifaransa; daftari lako la saa litaeleweka kwa lugha yoyote.

Kuongeza muda, na siku shule inapokwisha

Wakati wa kuongeza muda wa ukaazi, mahudhurio yako ya darasani huangaliwa pamoja na kodi. Mahudhurio ya mwezi yakishuka chini ya asilimia 80 shule inatakiwa kukuonya na kukufuatilia. Yakishuka chini ya 50 inakuripoti Uhamiaji. Zamu za usiku wa manane ukiwa na darasa la asubuhi ndizo zinazowaangusha watu hapa. Kama darasa lako ni la saa 3 asubuhi, tafuta kazi ya jioni.

Ruhusa ya baito hufa siku ileile muda wa ukaazi unapokwisha. Haiongezeki yenyewe. Unapopeleka maombi ya kuongeza muda peleka na fomu ya ruhusa kwa pamoja, kisha geuza kadi mpya uone muhuri.

Zaidi ya hapo, ruhusa inategemea kuandikishwa kwako shuleni. Ukihitimu shule ya lugha katikati ya Machi na chuo kinaanza Aprili, kadi yako inaweza kuwa na miezi sita mbele, lakini katikati hapo wewe si mwanafunzi wa mahali popote na hufanyi kazi. Muage meneja, mwambie tarehe ya kurudi. Ukihama au kuacha shule, toa taarifa Uhamiaji ndani ya siku 14; inawezekana kwa mtandao. Na kama unarudi nyumbani kabisa, pitia manispaa kabla ya kuondoka ulipe kodi ya mkazi iliyobaki au umteue mtu wa kukulipia, na usifunge akaunti ya benki kabla mshahara wa mwisho haujaingia.